Baraka, wimbo huo msiujaze

Tanga, 3 Desemba

Ndugu yangu Baraka,

Salamu kwako, kwa mama watoto na kwa Mzee Kombo. Huku sote wazima. Najua nimekuwa kimya muda mrefu, tutaongea tukionana. Leo nimeshika kalamu kwa sababu ya ile rekodi uliyonitumia ya bendi yenu ikifanya mazoezi ya "Last Christmas", wimbo wa Wham!, wale wawili wa Uingereza, George Michael na Andrew Ridgeley. Ninayotaka kuyasema hayaingii kwenye ujumbe wa sauti, na mkesha wa Krismasi mtakapoupiga hotelini hauko mbali.

Nianze na mazuri. Neema anaimba kwa utulivu, na besi ya Mussa imekaa mahali pake. Lakini mmeujaza mno, ndugu yangu. Magitaa mawili, tumba, saksafoni, kinanda kinachotafuta kodi za kupitia (kodi za muziki, noti kadhaa zinazopigwa pamoja), na Hamisi anavunja ngoma, yaani anaingiza madoido ya ngoma, kila baada ya vipimo vinne vya mapigo manne manne. "Last Christmas" umedumu zaidi ya miaka 40 kwa sababu una vitu vichache sana, na kila kimoja kinasikika. Mkiongeza, mnaufunika.

Angalia ulivyotengenezwa. George Michael aliutunga mwaka 1984 akiwa na Andrew Ridgeley nyumbani kwa wazazi wake, wanatazama mpira kwenye televisheni. Akaondoka ghafla, akapanda juu kwenye chumba chake cha zamani kilichokuwa na kinanda, na alipoteremka alikuwa na kiitikio na ile sauti ya utangulizi. Agosti ya mwaka huohuo, katikati ya kiangazi cha Uingereza, wakaingia studio ya Advision jijini London. Studio ikapambwa kwa mapambo ya Krismasi ili hali iwe ya Desemba. Fundi wa sauti alikuwa Chris Porter. Bendi haikuwepo. George alitunga, akaimba, akapiga kila chombo na kusimamia kazi yote mwenyewe, na hakuwa mpiga kinanda hodari. Alikuwa akitafuta noti kwa vidole viwili vitatu mpaka zikae sawa.

Vyombo vyenyewe vinahesabika kwa mkono mmoja: mashine ya ngoma aina ya LinnDrum, kinanda cha Roland Juno-60, njuga zilizopigwa kwa mkono, na sauti yake. Kinanda hichohicho ndicho kilichotoa besi, kodi na zile noti ndogo za juu zinazometameta, kila sehemu ikirekodiwa peke yake. Mwambie Zuberi, mpiga kinanda wenu, kwamba kinanda hicho kina sauti sita tu kwa wakati mmoja, na vitufe vyake havijali umevibonyeza kwa nguvu au kwa upole. Noti zote hutoka na ujazo uleule. Hapo ndipo rekodi yenu inapokwenda mrama. Zuberi anabonyeza kwa hisia, noti moja inaruka, nyingine inazama, na lile zulia laini la kodi linatoboka. Aingie kwenye mipangilio ya kinanda chake azime usikivu wa mguso, achague sauti laini ya sinthesaiza badala ya piano, aongeze kidogo korasi, ile athari ya kinanda inayonenepesha sauti, basi. Mwangwi auache kwa fundi wa ukumbini, maana mkiongeza wote wawili maneno ya Neema yatageuka moshi.

Kodi ni nne: D, Bm, Em, A. Kila moja inakaa vipimo viwili, kwa hiyo mzunguko mmoja ni vipimo vinane, na mzunguko huo ndio wimbo mzima, ubeti na kiitikio. Kwa mwendo wa mapigo 108 hivi kwa dakika, mzunguko mmoja unachukua chini kidogo ya sekunde 18, na katika rekodi ya dakika nne na ushei unarudi kama mara 15. Ninyi mmeanza kwenye 112 na kufika mwisho mko karibu 120. Sikiliza wenyewe mwishoni, Neema hana tena pa kuvuta pumzi. Hamisi avae sikioni metronomu, kile kidude cha kuhesabu mapigo. Ile mashine haikuongeza mwendo hata kidogo, na wasikilizaji wameuzoea huo mwendo. Ukienda kasi kidogo tu wanahisi kuna kitu hakipo sawa hata kama hawajui ni nini.

Utaniuliza, mzunguko mmoja mara 15, watu hawachoki? Hapo ndipo ufundi wake ulipo, na ndipo ningependa mwangalie kabla ya kuongeza chochote. Kwanza, kiitikio hakianzi na do. Kinaanza na re, juu ya kodi ya D. Mpigie Neema hizi noti nane za mwanzo kwa sol-fa (d ni do, r ni re, m ni mi, s ni sol): r, r, d, s, kisha r, r, m, d. Ile re ya kwanza haijatulia, inaning'inia, inataka kushuka, na sikio linaifuata. Katika rekodi yenu Neema ameanza na do pale pa kwanza, labda kwa mazoea ya kwaya. Ni hatua moja tu, lakini ile hamu ya wimbo imepotea yote. Mrudishe kwenye re, na asiikimbie.

Pili, wimbo unaanza na kiitikio, tena mara mbili, kabla ya ubeti wowote. Ninyi mmeanza na ubeti. Kwa wimbo wenye kodi zilezile mwanzo hadi mwisho, kosa hilo ni kubwa, kwa sababu tofauti ya kiitikio na ubeti haipo kwenye kodi. Ipo kwenye uimbaji. Kiitikio kimenyooka, mtoto anaweza kukishika. Ubeti umekatikakatika, una maneno mengi yanayosemwa karibu kama mazungumzo, pumzi inasikika. Watu wakishashika kiitikio ndipo wanapokuwa na subira ya kusikiliza ubeti. Mkigeuza, ubeti unasikika kama mtu anayenung'unika.

Kuhusu saksafoni, nadhani najua ilikotoka. Mmemkumbuka George Michael, mkakumbuka "Careless Whisper", nao ulitoka mwaka huohuo wa 1984. Saksafoni ni ya wimbo ule. Mwombe yule kijana apumzike wimbo huu mmoja, au apige njuga.

Na njuga zisikosekane! Ndizo zinazomwambia msikilizaji kwamba hii ni Krismasi. Ukiziondoa, unabaki na wimbo wa mapenzi wa mwezi wowote. LinnDrum haikuwa na sauti ya njuga ndani yake, ndiyo maana zilipigwa kwa mkono. Njuga za miguuni za wachezaji wetu zinafaa kabisa, zile ndogo za shaba, zikifungwa kumi na tano au ishirini kwenye mpini. Kosa la kawaida ni kuzitikisa hewani: zinatoa mchakacho usio na mwanzo wala mwisho, na mapigo yanachelewa. Shika mpini wima, njuga zikiwa chini, kisha gonga kichwa cha mpini kwa ngumi. Kila pigo litatoka safi. Kipaza sauti kikae mbali kidogo, kama hatua moja, na fundi apunguze ukali wa juu, la sivyo zitachoma masikio ya waliokaa mbele.

Neema akiona ufunguo wa D uko chini mno kwake, hameni kwa pamoja kwenda G: G, Em, Am, D. Lakini kama Zuberi atatumia kile kitufe cha kuhamisha ufunguo, aweke nusu-toni tano juu, na Mussa ajue mapema kwamba besi haina kitufe, lazima ahamishe vidole. Wimbo ukiisha Zuberi arudishe sifuri hapohapo. Wimbo unaofuata hapo ndipo bendi nyingi huumbuka.

Sasa yale maneno ya mshereheshaji uliyoniambatanishia. Ameandika kwamba wimbo ulikuwa namba 1 Uingereza mwaka 1984. Haukuwa. Ulikwama namba 2, nyuma ya "Do They Know It's Christmas?" wa Band Aid, ule uliorekodiwa kuchangia waliokuwa wanakufa njaa Ethiopia. Na George Michael mwenyewe aliimba humo ndani, kwa hiyo alizuiwa na wimbo aliosaidia kuuimba. Wham! nao wakatoa mirabaha ya "Last Christmas" kwa janga lilelile la Ethiopia. Hilo ndilo ningemwomba mshereheshaji aliseme, kwa sababu linatuhusu sisi wa upande huu wa Afrika kuliko habari ya chati.

Akitaka chati, aseme hivi: ulifika namba 1 Uingereza tarehe 1 Januari 2021, miaka 36 baada ya kutoka. George hakuuona ushindi huo. Alifariki siku ya Krismasi yenyewe, tarehe 25 Desemba 2016. Mwaka 2023 ukawa namba 1 ya wiki ya Krismasi kwa mara ya kwanza, na mwaka 2024 tena. Sababu ya kurudi kila mwaka ni kanuni pia. Zamani wimbo ulihitaji sahani inayouzwa madukani ili uingie chati. Tangu 2007 Uingereza ikaruhusu upakuaji wa wimbo wowote uhesabiwe hata kama hauna sahani dukani, na mwaka 2014 usikilizaji wa mtandaoni ukaanza kuhesabiwa. Kuanzia hapo, kila anayeusikiliza Desemba anaupigia kura. Lakini kanuni hiyo ni ya nyimbo zote za Krismasi, na nyingi hazirudi hivyo.

Ndiyo maana narudi palepale: unyenyekevu wa vyombo vyake. Umeona zile sahani za Boney M zinavyopigwa madukani kwetu kila Desemba? "Mary's Boy Child" yao ya 1978 ni ya kwaya, ina waitikiaji, ina ngoma ya kuchezeka, na ukiiongezea tumba na magitaa inazidi kunoga. Hiyo ijazeni mtakavyo. "Last Christmas" ni mtu mmoja anayesema aliutoa moyo wake Krismasi iliyopita ukatupwa kesho yake, na mwaka huu anatafuta wa kumpa asiyemliza. Hamna hori wala malaika. Krismasi humo ni tarehe tu, siku ambayo jeraha linakumbuka. Mtu wa namna hiyo akizungukwa na vyombo kumi, nani atamwamini?

Kwa hiyo naomba ule mstari wa "Noeli, Noeli" alioupendekeza Neema uondoke. Naupenda, ni mzuri, ila uwekeni kwenye wimbo mwingine wa usiku huo. Na sebene baada ya kiitikio cha pili, Baraka, hapana. Kama wateja watataka kucheza, malizeni wimbo, nyamazeni kwa mapigo manne, kisha Hamisi aingize sebene kama kipande kinachojitegemea. Hapo fungulia wote.

Jambo la tafsiri ya Kiswahili nalo lina uzito wake. Kuupiga jukwaani ni suala la hoteli kuwa na leseni ya kupiga muziki hadharani. Waulizeni mapema, msisubiri mkaguzi. Lakini kuutafsiri, kuurekodi na kuuweka mtandaoni ni kitu kingine. Haki ya kutafsiri ni ya mwenye wimbo, na mtunzi wake ni mmoja tu, George Michael, kwa hiyo ruhusa inatoka kwa wanaosimamia haki zake za utunzi. Bila ruhusa video inaweza kuondolewa au mapato yakaenda kwao. Ningewashauri mtunge wenu. Chukueni somo lake: kodi nne, kiitikio kwanza, noti ya kwanza isiyotulia, tukio moja la mapenzi lenye tarehe ya Krismasi, na chombo kimoja tu kinachosema ni Krismasi. Kwetu chombo hicho kinaweza kuwa njuga zilezile, au kayamba. Rekodini miezi mingi kabla, kama wao walivyofanya Agosti, maana wimbo wa Krismasi unaomalizika Desemba 20 umeshapitwa na redio.

Sasa nijibu haya. Mkesha mnapiga saa ngapi, kabla ya chakula au baada? Fundi wa ukumbi ni yuleyule wa Pasaka? Hamisi atakubali kupiga bila kuvunja ngoma, au nimpigie simu mimi? Kinanda cha Zuberi ni aina gani, ili nikuelekeze pa kuzima ule mguso? Neema yuko sawa na D kweli, au anajikaza? Na lile suala la mpini wa njuga, mnaye seremala huko, au nikutengenezee hapa nikakupa kwa basi?

Nitumie rekodi nyingine mkishafanya mazoezi bila saksafoni. Ianzeni kwenye kiitikio.

Wako,
Idrisa