Ameniambia natibu picha, sitibu mtu

Shikamoo Anti.

Ni saa tisa usiku na usingizi umenikataa, kwa hiyo nitaandika kama yanavyokuja, utanisamehe. Mimi ni mnasihi, mtoa ushauri nasaha, na siku hizi wateja wangu nawasikiliza kwa simu, mara nyingi kwa video. Kinachoniuma ni neno nililoambiwa Jumamosi. Mama, mlezi wangu wa kazi, alilisema mbele ya wenzangu wote, na vijana wa mafunzo kwa vitendo wamekaa pale pale: "Huyu siku hizi anatibu picha, hatibu mtu." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, ningefanya nini, nikainuka kuwamiminia chai.

Mama unamjua, hapa Tanga nani asiyemjua. Ndiye aliyenishika mkono kwenye kazi hii ya unasihi, ndiye aliyenipa meza kwenye chumba chake pale Ngamiani nikiwa sina hata kiti. Sijamkana na sijawahi kumvunjia heshima. Lakini kusema natibu picha!

Anti, sikuhamia kwenye simu kwa uvivu, hilo naomba lieleweke. Wateja ndio walionihamisha. Ilianza 2020 wakati wa korona, watu wakaogopa kukaa chumba kimoja, na hofu ilipoisha wengi hawakurudi. Halafu mji wetu unaujua. Mtu akionekana anapanda zile ngazi za chumba cha Mama asubuhi, alasiri kule mtaani Makorora kwa maneno yao wameshampeleka Lutindi, hospitali ya wagonjwa wa akili. Mwanamke mwenye sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, atawaeleza nini mawifi? Kwenye simu anajifungia chumbani, anasema anaongea na shoga yake, yameisha. Na wa Lushoto je? Ateremke mpaka Mombo, apite Korogwe, Segera, Muheza, siku nzima na nauli juu, kwa ajili ya saa moja ya mazungumzo?

Na hawa mabinti zetu walioko Omani kwenye kazi za ndani, nani atawasikiliza? Yuko mmoja naongea naye bosi wake akishalala. Kwao inakuwa saa sita ya usiku, huku kwetu saa tano. Anajifungia bafuni, anafungulia bomba maji yatiririke ili asisikike nje, ananong'ona. Siku nyingine hata taa hawashi, namsikia pumzi tu. Sasa hapo natibu picha ipi?

Tena tafiti zipo, siyo maneno yangu. Wataalamu wamelinganisha, na nyingi zinaonyesha kwamba kwa sonona na wasiwasi, tiba ya mazungumzo kwa video husaidia karibu sawa na ya ana kwa ana. Nilimchapia Mama karatasi mbili tatu nikampelekea. Akaweka kikombe juu yake.

Yeye ana hoja zake. Ananikumbusha Mei 2024, kebo za chini ya bahari zilipopata hitilafu mtandao ukazimika. Anasema, wateja wako uliwaacha wapi siku ile? Sikuwaacha, niliwapigia kwa sauti ya kawaida, vocha yangu mwenyewe. Anasema siri. Siri naitunza. Sirekodi, simtaji mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 nimeisoma kuliko wengi wa wale waliocheka. Nikiwa na kikao mume wangu anahamia barazani na watoto, televisheni inazimwa, hata kama mvua inanyesha. Siku hizi ananuna kidogo, ingawa yeye ndiye aliyeshangilia kuliko wote tulipoacha kuchangia kodi ya chumba.

Hoja yake moja tu ndiyo inayonikosesha raha. Kila mteja wa mbali, kabla hatujaanza, nachukua namba ya ndugu yake wa karibu na mahali hasa alipo, ili siku akiniambia anataka kujidhuru nijue pa kukimbilia. Wa Lushoto ana dada yake hapo hapo. Huyu wa Omani ndugu zake wote wako huku. Mama akaniuliza, usiku wa manane ukikata simu naye yuko vibaya, nani atagonga ule mlango? Ni swali la haki, sikatai. Angeniuliza hilo tu tukiwa wawili tungekaa tukalijadili. Lakini akalimalizia na lile la picha, mbele za watu.

Kuna jambo jingine, sijui kama lina uzito. Siku hiyo hiyo, watu walipoondoka, aliniwekea ufunguo wa chumba mezani. Miguu inamsumbua, sukari imepanda, ngazi haziwezi tena. Akasema chukua, viti na makabati vyote vyako, ila simu uiache, nataka jibu Ijumaa. Mimi sikitaki. Kodi nitatoa wapi, na wateja wenyewe wanne watano kwa wiki?

Ila nikisema ukweli, Anti, kuna vitu nilivipata mle sijavipata tena. Alikuja mama mmoja, yeye hajambo, mume hajambo, watoto hawajambo, huku vidole vinasokota pindo la mtandio mpaka uzi ukachomoka. Nikaacha maneno yake nikamuuliza, mama, mkono una nini? Akalia mpaka adhuhuri. Kwenye simu ningeona paji la uso na dari. Sisemi kwamba nakitaka chumba. Nasema tu kwamba kwa Mama siku ile hakuna aliyekumbuka kwamba na mimi nilikaa mle miaka, nikatibu watu, siyo picha.

Mume wangu anasema nikubali ufunguo kisha niendelee na simu kimya kimya. Siwezi kumdanganya Mama, na akijua itakuwa mbaya zaidi.

Swali langu basi ni hili: nina haki ya kumtaka alirudishe lile neno mbele ya wale wale waliocheka, au kwa umri wake na aliyonitendea nilimeze tu? Na kama utaniambia nichukue ufunguo, naomba uniambie na huyu binti wa Omani nimweleze nini, maana anajua kila Jumatano usiku nipo, na sina mwingine wa kumkabidhi.

Nijibu kabla ya Ijumaa. Jina langu usilitoe, watanijua.

Mnasihi, Tanga