Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Intaneti ya Setilaiti Wakati Mkongo Haujafika

Ndugu wanachama,

Mwaka huu, tukiwa bado tunasubiri mkongo, yaani kebo ya intaneti inayopita ardhini au baharini, tulihamia setilaiti za mzingo wa chini, na tofauti imeonekana. Setilaiti tulizotumia awali ziko kilomita 35,786 juu ya ikweta. Ujumbe kwenda na jibu kurudi huchukua karibu nusu sekunde kwa umbali peke yake. Za Starlink, huduma tunayotumia sasa, huzunguka kilomita 550 hivi kutoka ardhini, na kuchelewa kumeshuka hadi makumi ya milisekunde (sehemu za elfu za sekunde). Wahudumu wa afya wanaoshauriana na madaktari wa mbali hawaongei tena kwa kupokezana kama kwenye redio ya upepo. Kwangu hilo ndilo jambo kubwa la mwaka.

Uwezo wa setilaiti, hata hivyo, hugawanywa kwa wote walio chini ya mwale mmoja, yaani eneo moja linalolengwa na mawimbi yake. Madishi yakiongezeka, fungu la kila mtu hupungua, na jioni ndipo tunapobanwa zaidi. Kamati iliamua masomo na afya vitangulie, video nzito na masasisho ya programu yasubiri usiku. Baadhi yenu mlilalamika. Naheshimu malalamiko hayo, lakini bado nautetea uamuzi ule: mwanafunzi aliye katikati ya mtihani hana saa nyingine ya kuufanya.

Umeme nao ulitutesa. Dishi la kawaida hutumia wati 50 hadi 100 kulingana na toleo, mchana na usiku, yaani zaidi ya yuniti moja kwa siku. Anayetegemea sola ahesabu na betri ya usiku kabla ya kununua. Miti ikatwe matawi au dishi lihamishwe, kwa kuwa setilaiti hizi hazitulii sehemu moja na dishi lazima lione anga pana. Mvua kubwa itaendelea kutukatia mara mojamoja.

Kuhusu mkongo, tusinyamaze. Januari 2022 volkano ilikata mkongo wa baharini wa Tonga, nchi ya visiwa katika Pasifiki, na setilaiti zikabeba mawasiliano wiki kadhaa. Julai 2025 ikawa zamu ya Starlink: hitilafu ya programu iliuzima mtandao wake kwa takriban saa mbili na nusu. Hakuna njia ya kuaminiwa peke yake.

Kwa hiyo kamati inaomba kibali chenu kwa mambo mawili: kudai mkongo ufike angalau kwenye mnara wa simu ulio karibu nasi, na kubakiza dishi moja la akiba hata baada ya mkongo kufika.