Mchochota wa ubongo si uvimbe wa kupasuliwa

Mhariri,

Makala yenu kuhusu picha za ubongo na sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, niliisoma kwa sauti nyumbani. Dada yangu, anayeishi na sonona mwaka wa sita sasa, aliposikia "uvimbe kwenye ubongo" aliweka kijiko chini, akaanza kujipapasa kichwa kama anayetafuta nundu. Usiku ule hakulala. Naomba mtumie neno mchochota. Uvimbe kwa wengi wetu ni kitu cha kupasuliwa. Hapa tunazungumzia kinga ya mwili iliyoamka na kukataa kutulia.

Habari yenyewe ni nzito, wala sitaki ipuuzwe. Mwaka 2015 watafiti wa Toronto, Kanada, walilinganisha picha za PET (aina ya picha za ndani ya ubongo) za watu 20 wenye sonona na 20 wasio nayo. Mtu hudungwa dawa yenye mnururisho kidogo, ikanasa kwenye protini iitwayo TSPO, ambayo hupatikana kwenye mikroglia, seli zinazoulinda ubongo, na hudhaniwa kuongezeka seli hizo zinapoamka. Kwa wenye sonona, alama hiyo ilikuwa juu kwa takriban asilimia 30 kwenye sehemu kadhaa, ikiwemo sehemu ya mbele ya ubongo. Dada yangu ameambiwa mara nyingi kwamba ni uvivu tu. Nilimrudia aya hiyo mara mbili.

Ila mliposema "sasa kipimo kimepatikana" cha kutambua sonona, mlivuka mpaka. Asilimia hiyo ni wastani wa kundi. Ukimchukua mtu mmoja mmoja, wagonjwa na wazima wanaingiliana. TSPO ipo pia kwenye seli nyingine na kwenye kuta za mishipa ya damu. Isitoshe, kuna tofauti ya kurithi inayofanya dawa inase vizuri kwa huyu na vibaya kwa yule, hivyo jeni hupimwa kwanza. Kwenye skizofrenia, ugonjwa mwingine wa akili, tafiti za picha hizi zimepingana waziwazi.

Tena mwaka 2013 dawa ya kutuliza mchochota, infliximab, ilijaribiwa kwa watu 60 wenye sonona sugu. Kwa jumla haikufua dafu. Walioelekea kunufaika ni wale ambao damu yao, si picha, ilionyesha mchochota mkubwa.

Asubuhi dada aliniuliza kama aache vidonge mpaka apigwe picha hiyo. Nilimwambia ameze kwanza, tutazungumza baadaye. Wapo wasomaji wenu wasio na wa kumuuliza. Tafadhali chapeni masahihisho.

Msomaji wenu