Mzazi afundishwe mazoezi kabla mtoto hajaruhusiwa

Mhariri,

Mtoto akitoka chumba cha upasuaji, ndugu na jamaa huuliza swali moja tu: operesheni imekwenda vizuri? Wakijibiwa ndiyo, hushusha pumzi na kuona mambo yamekwisha. Lakini kwa mtoto aliyepasuliwa mguu au nyonga, kazi ya kumrudisha kwenye kutembea na kukimbia ndiyo kwanza inaanza, na sehemu kubwa ya kazi hiyo itafanywa nyumbani na mzazi ambaye hakusomea chochote.

Mwanangu, mwenye umri wa miaka minne, alipasuliwa nyonga akafungwa plasta kuanzia kifuani hadi miguuni kwa wiki kadhaa. Plasta ilipokatwa, mguu ulikuwa umekonda na goti limekakamaa. Siku ya kuruhusiwa tulikabidhiwa karatasi yenye michoro ya mtu mzima aliyelala chali, na chini yake maneno "mara kumi, kutwa mara tatu". Hakuna aliyeushika mkono wangu akauweka kwenye lile goti kunionyesha likunjwe mpaka wapi. Hospitali siitaji, kwa sababu wazazi niliozungumza nao kwenye foleni za kliniki walitoka kwingine na walikuwa na karatasi kama yangu.

Mzazi wa namna hiyo hubaki kati ya hofu mbili: nikikunja sana nitamvunja, nisipokunja atabaki hivi. Mtoto akilia, hofu ya kwanza hushinda, na pembeni yupo ndugu anayesema mwacheni maskini apumzike.

Aliyetutoa hapo ni mtaalamu wa fiziotherapia wa kliniki. Mara ya kwanza hakumgusa mtoto kabisa. Aliketi sakafuni, akamwomba mwanasesere, akamfanyisha mazoezi mwanasesere huyo huku akimpa pole. Kisha akabandika stika ukutani, juu kidogo ya pale mkono wa mtoto unapofika, akamwambia azibandue. Mtoto akasimama kwa mguu uleule aliokuwa anaugomea, akanyoosha mkono, na mimi nikaelewa kwamba zoezi lenyewe ndilo lile. Baadaye akanishika kiganja: sukuma taratibu mpaka usikie goti linakukatalia, shikilia hapo, na macho yako yawe usoni mwake, si mguuni.

Somo lile halikuchukua muda mrefu. Lingeweza kabisa kutolewa wodini.

Vivyo hivyo kuhusu maumivu. Dawa ya kunywa haifanyi kazi papo hapo, kwa hiyo inafaa muda wake upangwe na daktari au muuguzi ili mazoezi yafanyike ikiwa imeshashika, badala ya kusubiri mtoto alie ndipo chupa itafutwe. Tena mtoto mdogo mara nyingi hasemi "inauma". Hunyamaza, hukunja uso, huvuta miguu, hukataa kucheza. Wauguzi wana kipimo chao cha kumpa mtoto alama kwa kutazama uso, miguu, utulivu wa mwili, kilio na kama anabembelezeka, na kwa aliyefikisha umri wa miaka mitatu au minne ipo michoro ya nyuso ambayo mwenyewe huonyesha kwa kidole. Sioni sababu ya mzazi kutofundishwa vitu hivi. Na tuache kumwambia "haiumi". Ataumia, na kesho hatatuamini. Mwambieni itauma kidogo, na achague mwenyewe mguu upi uanze.

Aliyepasuliwa tumbo au kifua ana hofu nyingine, ya kuvuta pumzi ndefu, na makohozi yakituama nimonia huwa karibu. Kupuliza mapovu ya sabuni ni zoezi zuri la mapafu, ingawa mtoto hatajua kama ni zoezi. Wapo pia wanaorudi nyumbani wakaanza tena kukojoa kitandani na kung'ang'ania nguo ya mama. Watu watasema amedekezwa. Kwa kawaida hupita.

Asemaye kwamba mzazi hawezi kubebeshwa tiba, atazame watoto wanaozaliwa na nyayo zilizopinda. Katika matibabu ya Ignacio Ponseti, daktari wa Iowa, Marekani, plasta hunyoosha wayo kwa wiki chache tu. Kisha mtoto huvaa viatu vilivyounganishwa kwa fito, saa 23 kwa siku katika miezi 3 ya mwanzo, halafu wakati wa kulala mpaka afikie miaka 4 hivi. Asipovishwa, nyayo hupinda tena. Anayemvisha kila usiku ni mzazi. Na kule Uingereza mwaka 1959 kamati ya Sir Harry Platt, ambaye mwenyewe alikuwa mpasuaji wa mifupa, ilipendekeza mama wa mtoto mdogo aruhusiwe kulazwa pamoja naye. Mpaka leo zipo wodi zinazomtoa mzazi nje ya pazia wakati wa mazoezi, kana kwamba anazuia njia.

Naomba wakuu wa hospitali wafanye hivi: kabla karatasi ya kuruhusiwa haijasainiwa, mzazi amfanyishe mtoto mazoezi yote huku mtaalamu akimtazama na kumsahihisha. Kwa aliye bado kwenye plasta, aambiwe kwa mdomo, si kwa maandishi pekee, kwamba vidole vikivimba, vikipoa, vikibadilika rangi au kufa ganzi, au maumivu yakizidi licha ya dawa, arudi saa hiyohiyo bila kungoja tarehe ya kliniki. Awe na namba ya simu inayopokelewa. Na kama anayeshinda na mtoto mchana ni bibi au shangazi, aitwe naye wodini afundishwe, maana zoezi la mchana ni lake.

Mzazi, msomaji wenu