Mistari ya mtandao imejaa lakini video inakwama? Tuanze na antena zako

Wateja wengi hutupigia na maneno yaleyale: "Fundi, nimefunga antena mbili juu ya paa, mistari imejaa yote, lakini video bado inakwama." Tukipanda, mara nyingi antena tunazikuta nzima kabisa. Kasoro iko kwenye namna zilivyofungwa.

Rauta ya 4G haina matundu mawili ya antena kwa ajili ya akiba. Mnara hutuma mikondo miwili ya data kwa wakati mmoja, kwenye masafa yaleyale, na rauta inaweza kuitenganisha pale tu kila antena inaposikia mchanganyiko tofauti na wa mwenzake. Zikisikia kitu kimoja, unabaki na mkondo mmoja hata mistari ijae vipi. Ndiyo maana minara mingi hurusha wimbi moja likiwa limeinama nyuzi 45 kulia, na jingine nyuzi 45 kushoto.

Kwa mteja mmoja tulikuta antena zote mbili zimeinamia upande mmoja. Tulilegeza boliti, tukaigeuza moja nyuzi 90 mpaka zikakaa kama herufi V, tukakaza. Mistari haikuongezeka hata mmoja. Lakini kwenye ukurasa wa rauta idadi ya mikondo ilitoka 1 ikawa 2, na video ikaacha kukwama.

Nafasi kati ya antena nayo ina hesabu yake. Kwenye masafa ya megahezi 1800 urefu wa wimbi ni kama sentimita 17, kwa hiyo nusu yake ni sentimita 8 hivi. Nafasi hiyo hutosha chini, katikati ya majengo, ambako mawimbi yanagonga kuta na kufika kutoka kila upande. Juu ya paa linalotazamana na mnara moja kwa moja hali ni nyingine: mawimbi yote yanatoka upande mmoja, nafasi hiyo ndogo haisaidii sana, na kazi kubwa inafanywa na ule mwinamo.

Kuna wanaotaka antena yenye vipokezi vingi ndani yake. Ni nzuri, ila kila ukizidisha vipokezi mara mbili unapata nyongeza ya desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha nguvu ya mawimbi), tena kwa hesabu ya karatasi, na uwezo wa kusikia unabanwa kuelekea upande mmoja. Ikikosea mnara kidogo, faida yote imepotea. Kwenye gari au boti hatuifungi kabisa, kwa sababu chombo kinageuka na mnara unabaki nyuma. Na kebo nyembamba ya mita 10 inakula zaidi ya nusu ya nguvu uliyoipata, kwa hiyo tunapendelea rauta ikae karibu na antena.

Ukitaka tukuangalizie, tutumie picha ya antena ulivyozifunga ukiwa umesimama mbele yake, pamoja na picha ya ukurasa wa rauta unaoonyesha namba za mawimbi. Kwa picha hizo mbili huwa tunaweza kukuambia kama kuna haja ya kupanda juu.