YAH: Redio mliyofunga kwenye BMW X5 yangu, na skrini yangu ya zamani isiyojulikana ilipo

Tegeta,
Dar es Salaam.
14 Julai 2025

Meneja,
Duka la Redio na Vifaa vya Magari,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mimi ni yule mama wa X5 ya kijivu ambaye vijana wenu wamekwisha kumzoea. Tangu tarehe 21 Juni nimefika dukani kwenu mara nne, na mara tatu kati ya hizo sikuja kununua kitu. Naandika kwa sababu kila nilipomuulizia meneja niliambiwa yuko safarini, na kwa sababu maneno ya kwenye kaunta yenu hubadilika kila anapobadilika aliyekaa nyuma yake.

Gari langu ni la mwaka 2004, toleo la kwanza la X5, lile lililotoka mwaka 1999 hadi 2006 na ambalo mafundi huliita E53. Liliingia nchini likitokea Japani. Mwenye gari la Japani hahitaji kuelezwa shida yake: redio za kule za wakati huo zinaanza FM 76 na kuishia 90, ilhali vituo vyetu vimepangwa kuanzia 88 hadi 108. Kwa hiyo kwa miaka miwili nimeendesha gari la fahari, lenye spika kila mlango na mashine ya kubadilisha CD 6 kwenye buti, huku taarifa ya habari ya saa 2 usiku naisikiliza kwa simu niliyoiegemeza karibu na gia, kwenye foleni ya Barabara ya Bagamoyo. Kitu pekee kilichonipigia muziki ni kaseti. Skrini ya gari hili inafunguka, na nyuma yake kuna mdomo wa kaseti. Nilikuwa na kaseti moja ya taarabu niliyorithi kwa marehemu shangazi yangu, nikaisikiliza mpaka nikaikariri pamoja na mikwaruzo yake.

Nilipokuja kwenu ombi langu lilikuwa dogo: nipate vituo vya hapa. Niliulizia kile kidude cha kusogeza masafa ambacho kila muuza vifaa vya magari anacho. Muuzaji wenu ndiye aliyenizuia. "Mama, gari kama hili unaliwekea kidude? Weka Android ya inchi 9, utaona mpaka YouTube." Mimi YouTube sikuiulizia. Lakini alinihakikishia, wateja wengine wakisikia, kwamba redio hiyo imetengenezwa kwa ajili ya X5, kwamba hautakatwa waya hata mmoja, na kwamba vitufe vya kwenye usukani vitafanya kazi vilevile. Nikalipa shilingi 950,000 za redio na 120,000 za kufunga, jumla 1,070,000. Risiti ya EFD ninayo, na nakala yake nimeiambatanisha.

Hakuna aliyefungua hata mlango wa gari kabla ya kupokea fedha. Hapo ndipo matatizo yote yanayofuata yalipoanzia.

Kwenye gari langu, ndugu Meneja, redio haiko kwenye dashibodi. Kinachoonekana mbele ni skrini, vitufe na huo mdomo wa kaseti. Redio yenyewe iko kwenye buti, nyuma ya ubao wa upande wa kushoto, na hapohapo ndipo zilipo amplifaya (kikuza sauti), kompyuta ya ramani na ile mashine ya CD. Antena iko kwenye vioo vya nyuma, na waya wake unaishia hukohuko nyuma. Ndiyo maana redio zilizotengenezwa kweli kwa ajili ya gari hili huuzwa pamoja na fungu refu la nyaya, la mita 6 hivi, linalopita chini ya zulia kutoka dashibodi hadi kwenye buti. Katika boksi lenu halikuwamo. Kijana aliyepewa kazi alitoa skrini, akatafuta redio nyuma yake, hakuiona. Namtetea hapa, kwa sababu alikuwa mkweli kuliko wote: alininong'oneza kwamba X5 ya aina hii hajawahi kuifungua. Alipokwenda kuuliza ndani, alirudi na mkasi.

Matokeo yake nimeyajua tarehe 10 Julai nilipompelekea gari fundi umeme anayeshughulika na magari ya Ulaya. Maelezo yake ya maandishi nimeyaambatanisha, lakini nayaeleza hapa kwa lugha yangu, kwa kuwa muuzaji wenu aliniambia kuwa mambo ya umeme wa gari siwezi kuyaelewa.

Antena haikuunganishwa. Nyuma ya dashibodi mmening'iniza kipande cha waya kama cha kuanikia nguo za mtoto. Kinanipatia vituo viwili nikiwa mjini, na nikishapita Mwenge kinabaki kimoja chenye mvumo. Yaani jambo lile moja lililonileta kwenu, kusikia redio, ndilo ambalo kwa milioni moja na ushee sikulipata.

Vitufe vya usukani vimekufa. Katika gari hili usukani, skrini, redio na dashibodi ya spidi huzungumza kupitia waya mmoja ambao BMW waliuita I-Bus. Ni mtandao wa zamani, wa polepole, na kifaa kipya lazima kijue lugha yake. Ninyi mliweka kisanduku cha kutafsiri cha mfumo wa CAN, ambao ndio X5 ya baadaye inautumia. Ni sawa na kumleta mkalimani wa Kifaransa kwenye kikao cha Wareno halafu mkashangaa watu hawaelewani. Na kwa kuwa matumizi ya mafuta na mambo mengine ya safari nilikuwa nikiyasoma kwenye ile skrini iliyotolewa, nayo yamekwenda nayo.

Sauti inakoroma. Redio yenu imeundwa kusukuma spika moja kwa moja, lakini spika za gari hili zinasukumwa na amplifaya iliyoko nyuma. Kijana alichukua nguvu za spika akaziingiza kwenye mlango wa amplifaya unaotarajia mawimbi madogo. Nikikanyaga mafuta, kuna mluzi unaopanda na kushuka pamoja na injini. Mjukuu wangu anaufurahia sana.

Hayo yote ningeweza kuyavumilia wiki moja au mbili huku tukizungumza. Lisilovumilika ni betri.

Amplifaya ina waya wake wa kuiamsha: redio ikiwaka inautia umeme, ikizimwa umeme unakatika na amplifaya inalala. Waya huo mliuunganisha na umeme wa kudumu, unaotoka kwenye betri usiku na mchana. Gari hili likifungwa hujizimia vifaa vyake baada ya dakika 16, na baada ya hapo linapaswa kunywa umeme kidogo sana, chini ya miliampea 50. Fundi alilifunga, akasubiri nusu saa, akapima. Ampea 1.4, yaani miliampea 1,400. Betri yangu ni ya 90Ah, yaani ampea-saa 90. Tarehe 27 Juni, Ijumaa, niliegesha saa 12 jioni, nikasafiri na basi kwenda Morogoro msibani. Jumatatu saa 12 asubuhi nilirudi nikiwa na haraka, na gari halikutoa hata mlio. Zidisheni wenyewe: saa 60 kwa ampea 1.4 ni 84Ah. Sikuacha taa wazi, kama nilivyoambiwa kwenye simu. Amplifaya ndiyo iliyokesha siku tatu ikinisubiri.

Nilibustiwa na jirani, nikaja kwenu tarehe 1 Julai. Mlichomoa terminal ya betri dakika kumi, mkairudisha, mkaniambia gari "litajipanga lenyewe". Tarehe 5 lilizima tena. Nikapiga simu, nikaambiwa nisubiri Sabasaba ipite. Nikaja tarehe 8, na safari hii nilielezwa kwamba magari ya Kijerumani ndivyo yalivyo, na kwamba nimwambie mzee alilete mwenyewe ili wazungumze naye. Hakuna mzee, ndugu Meneja. Gari nimenunua mimi, kadi ina jina langu, na redio mbovu nimeilipia mimi.

Ziara ya nne, Ijumaa tarehe 11, nilikuja na karatasi ya fundi nikaomba mambo mawili: fedha zangu na skrini yangu ya zamani. Kuhusu fedha nilionyeshwa kibao kilichoko ukutani, kwamba mali ikishauzwa hairejeshwi. Kibao hicho nakiheshimu kwa mteja aliyebadili mawazo akiwa njiani kurudi nyumbani. Mimi sijabadili mawazo. Niliwaeleza gari langu ni lipi na ninachotaka ni nini, nikategemea utaalamu wenu, nikauziwa kitu kwa maelezo yasiyo ya kweli. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi, na Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura 214, inamtambua mnunuzi aliyemweleza muuzaji shida yake na kumwamini.

Kuhusu skrini nilijibiwa kwamba "vitu vya zamani huwa tunatupa". Vinatupwa wapi? Skrini nzima ya X5, yenye kaseti inayofanya kazi, haitupwi jalalani katika mji huu. Kila anayetafuta vipuri Gerezani analijua hilo. Sikuwahi kuwauzia wala kuwapa. Risiti yenu haina mahali palipoandikwa kwamba nimeiacha. Bila skrini hiyo gari haliwezi kurudi lilivyokuwa, hata mkinirudishia kila senti. Na ndani yake, kwa taarifa yenu, kuna kaseti ya shangazi.

Kwa sasa fundi amechomoa fyuzi ya amplifaya ili gari liwake asubuhi. Linawaka. Skrini yenu nayo inawaka, inapendeza, rangi zake ni nzuri kuliko televisheni yangu ya sebuleni, na haitoi sauti yoyote.

Ninachodai ni hiki. Mnirudishie 1,070,000, nami niwarudishie redio yenu pamoja na kisanduku chake na boksi. Mnirudishie skrini yangu ya asili ikiwa nzima, au kama mmekwisha kuiuza, mnitafutie nyingine ya toleo lilelile inayofanya kazi. Mlipe 60,000 nilizotoa kwa kupimiwa na 180,000 ambazo fundi ametaja kwa kuunganisha upya nyaya 11 zilizokatwa, jumla 240,000. Upande wa kulia wa lile pambo la mbao kwenye dashibodi umeachwa na ufa wa urefu wa kidole. Huo nimeamua kuusamehe, maana sitaki tena mkono wowote kutoka kwenu uguse dashibodi yangu. Betri siidai kwa sasa. Fundi anaichunguza, na ikionekana imeharibika kwa kukaushwa mara mbili nitawaandikia.

Sihitaji kubadilishiwa na redio nyingine kutoka dukani kwenu, hata kama ni ya inchi 10. Fundi wangu amesema kile kidude nilichokiulizia siku ya kwanza kingewekwa kwenye buti, pale waya wa antena unapoishia, kwa muda wa nusu saa.

Nawapa siku 14. Nisipopata jibu la maandishi, nitapeleka barua hii pamoja na viambatanisho vyake Tume ya Ushindani. Kama mko tayari kulimaliza baina yetu, nitafika dukani Jumatatu tarehe 28 Julai, saa 3 asubuhi, nikiwa na fundi wangu. Yeye ndiye atakayeitoa redio yenu. Vijana wenu waandae skrini yangu tu, pamoja na skrubu zake.

Wenu katika biashara,

Mteja wa risiti ya tarehe 21 Juni 2025

Viambatanisho: nakala ya risiti ya EFD, maelezo ya fundi ya tarehe 10 Julai, picha sita za nyaya zilizokatwa na moja ya kibao cha ukutani.