Barua kuhusu shule ya kulipia mnayoifikiria

Mpendwa rafiki yangu,

Salamu nyingi kwako, kwa mwenzako na kwa watoto. Barua yako niliipata, na kwa kuwa umeniuliza kuhusu shule ya kulipia mnayoifikiria, jambo ambalo nimelifanyia kazi kwa muda mrefu katika ofisi ya uhasibu ya shule binafsi, nimeona heri nikujibu kwa maandishi, ili wewe na mwenzako mpate kuisoma barua hii pamoja mkiwa mmetulia.

Kabla ya kuuliza ada, ulizeni shule ni ya nani. Zipo shule za mtu mmoja au za kampuni, ambazo mwenye mali ana haki ya kuchukua faida, na zipo za taasisi za dini au za bodi ya wadhamini, ambazo kwa kawaida ziada hubaki shuleni. Jibu la swali hilo litawaonyesha nani anapanga ada, malalamiko ya mzazi yanaishia mezani kwa nani, na shule ikiyumba kifedha nani ataibeba. Ombeni pia kuona hati ya usajili na ripoti ya ukaguzi ya karibuni, kisha ulizeni walimu hukaa hapo miaka mingapi. Sehemu kubwa ya ada katika shule yoyote huenda kwenye mishahara, kwa hiyo shule inayotoza kidogo kuliko zote za aina yake ina mahali inapobana, na mara nyingi anayebanwa ni mwalimu.

Sasa nije kwenye fedha. Karatasi ya ada mtakayopewa siku ya kwanza huonyesha ada ya masomo, lakini gharama kamili iko pembeni yake: fomu ya maombi na usaili, ambazo kwa kawaida hazirudishwi hata mtoto asipopata nafasi, amana inayokaa kwa shule mpaka mtoto amalize, mara nyingi bila riba, sare, usafiri, chakula, vitabu, safari za masomo, ada za mitihani, na bweni kama atalala huko. Mwombeni mhasibu awaonyeshe ankara halisi ya mwaka mzima ya mwanafunzi wa darasa mnalolitaka, jina likiwa limefichwa. Mhasibu mwaminifu hatakataa, na atakayekataa atakuwa amewajibu.

Halafu pigeni hesabu ya safari yote, maana hapo ndipo familia nyingi hukwama. Tuseme ada inapanda asilimia 5 tu kila mwaka, na mtoto atasoma miaka 12. Mwaka wa mwisho mtalipa takriban mara 1.7 ya mwaka wa kwanza, na jumla yote itakaribia ada ya kwanza mara 16, ilhali wazazi wengi huzidisha kwa 12 na kuridhika. Kama mna watoto wawili, tazameni hasa ile miaka ambayo wote watakuwa shuleni kwa pamoja, kwa sababu punguzo la ndugu, panapokuwa na punguzo, huwa ni dogo. Wakati mwingine hata shule yenyewe hushtukizwa: Uingereza ilianza kutoza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20 kwenye ada za shule binafsi tarehe 1 Januari 2025, na wazazi ambao bajeti yao ilikuwa imefika ukingoni hawakuwa na pa kusogea. Mimi ningewashauri mwanze tu ikiwa mnaweza kulipa mwaka mzima hata kipato cha mmoja wenu kikikatika.

Mkataba usomeni neno kwa neno. Nimewahi kukaa na mama mmoja, mkataba aliousaini mwenyewe ukiwa wazi mbele yetu na kidole chake kikiwa juu ya kifungu kinachosema kwamba anayemhamisha mtoto bila kutoa notisi ya muhula mzima kwa maandishi atalipa ada ya muhula unaofuata. Alikuwa amemwambia mwalimu wa darasa kwa mdomo, mapema kabisa, lakini kwa mkataba ule maneno ya mdomo hayakuhesabiwa. Vifungu vya namna hiyo ni vya kawaida mno. Angalieni pia kama nyote wawili mnatakiwa kusaini, kwa sababu mara nyingi maana yake ni kwamba kila mmoja anaweza kudaiwa deni lote, hata ndoa ikivunjika.

Na swali ninalolijali kuliko yote ni hili: ada ikichelewa, mtoto hufanywa nini? Kuna shule zinazomwita mzazi na kupanga naye malipo ya awamu, na kuna zinazomtoa mtoto darasani mbele ya wenzake, au kushikilia matokeo yake ya mtihani. Liulizeni waziwazi mbele ya mkuu wa shule, mkaombe mwonyeshwe utaratibu huo ulipoandikwa. Mtoto hana deni na mtu, na shule inayomwaibisha kwa ajili ya fedha za wazazi mimi nisingeipa mwanangu, iwe na maabara nzuri kiasi gani.

Kuhusu msaada, tofautisheni ufadhili unaotolewa kwa kipaji na ruzuku inayotolewa kwa kupima kipato cha familia. Wa kwanza mara nyingi hupunguza ada kidogo tu, lakini ruzuku inaweza kuondoa sehemu kubwa, ila hupitiwa upya kila mwaka na huombwa mapema kabla nafasi hazijajaa. Msione haya kuiomba, kwani fungu hilo limetengwa kwa ajili ya familia kama yenu.

Umetaja pia matokeo ya mitihani yaliyobandikwa mapokezini. Yasomeni kwa tahadhari. Shule inayochuja watoto wakati wa kuingia hupokea wale ambao tayari wanafanya vizuri, na tathmini ya kimataifa ya PISA, inayopima wanafunzi wa miaka 15 katika nchi nyingi, imeonyesha zaidi ya mara moja kwamba tofauti ya alama kati ya shule za umma na za binafsi hupungua sana, na katika nchi nyingi huisha, hali ya maisha ya familia inapozingatiwa. Kwa hiyo linganisheni na shule ya umma iliyo karibu nanyi, mkaingie madarasani humo pia, siku ya kawaida ya masomo.

Mkishapewa mkataba, nitumieni nakala kabla hamjalipa amana. Nitausoma wote na kuwawekea alama kwenye vifungu vya kuulizia.

Wako akupendaye,
Rafiki yako wa siku zote